Tabasamu la Hotelini na Afya ya Mhudumu

Wengi huiona kazi ya hoteli kuwa nyepesi: kivulini, sare safi, bakshishi. Hata hivyo wapo wahudumu wanaokuja hospitali wakilalamika kichwa na kukosa usingizi, na damu ikipimwa malaria haionekani.

Mwaka 1983 mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Arlie Hochschild, alitoa kitabu juu ya wahudumu wa ndege. Alionyesha kwamba watu hawa hawauzi nguvu za mikono tu, huuza na hisia zao. Akiwa na msiba nyumbani, lazima acheke. Wapo wanaovaa tabasamu usoni huku moyo unawaka. Wengine hujitahidi kuutuliza moyo wenyewe, kwa kujiambia: mgeni huyu amesafiri usiku kucha, amechoka. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba ile njia ya kwanza ndiyo inayodhuru zaidi.

Kujua desturi za wageni husaidia sana hapa. Binti aliyefundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa huumia Mzungu anapomkazia macho na kuagiza chai bila hata "habari za asubuhi". Kwao si dharau. Mjerumani akisema wazi kwamba supu imepoa, anasema habari ya supu tu, hakutukani wewe. Ukilijua hilo, hasira haipati pa kukaa.

Lakini tusidanganyane. Mgeni anayemshikashika mhudumu hana desturi ya kujitetea nayo. Tanzania Bara ni kosa la jinai tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Aripotiwe, hata kama analipa kwa dola.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu uliokithiri wa kazini, bila kuuita ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi, na kuona hufanyi lolote la maana. Ukiziona, usikimbilie vidonge vya usingizi. Baada ya mgeni mkorofi, omba dakika tano, toka nje, unywe maji, umweleze mwenzako. Meneja naye aruhusu wahudumu kubadilishana meza.

Nanyi wa nyumbani, akirudi usiku amenyamaza, msimwulize kwa nini amenuna. Avue viatu kwanza, ale.