Goti la mutu wa mugodi na shindano la feza mingi

Hapa Kamalondo habari moja inazunguka toka baa mpaka mulango ya kanisa: eti kuna shindano ya kuotesha goti upya. Vijana wanaocheza kandokando ya uwanja wa TP Mazembe wanasema wachezaji wakubwa wa Ulaya njo wanapona vile. Wazee waliotoka Gécamines wanatega sikio. Na sisi watu wa sindika, kila juma tunaulizwa: «Baba delege, ile shindano iko ya kweli?»

Tunajibu kwa urefu kidogo, juu mwenzetu mumoja, mwenye kushika mashine ya kutoboa mawe kwa miaka 20, alitaka kuuza parseli yake ya Katuba aende kutiwa ile shindano ngambo. Bibi yake njo alituletea karatasi ya bei. Watoto wangelala wapi, hakuna mutu alikuwa amewaza.

Kwanza, shindano ziko mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya damu yako mwenyewe. Wanakutoa damu kwa mukono, wanaitia katika mashine yenye kuzunguka mbio sana, damu inajigawa. Wanachukua ile maji ya rangi ya manjano yenye kujaa plaketi, ni kusema vile vipande vidogo vinavyogandisha damu ukijikata, na wanairudisha katika goti. Wazo lenyewe si la kijinga. Pahali pa kidonda, plaketi zinafika kati ya wa kwanza na zinaita mwili uanze kujenga. Rafael Nadal wa tenisi alitiwa katika magoti mwaka 2010, na dunia yote ikasikia.

Lakini katika Australia waganga walitaka kujua kweli yake. Walichukua watu 288 wenye magoti yaliyoanza kuharibika. Kikundi kimoja kikapata plaketi, kingine kikapata maji ya chumvi tu, na mugonjwa hakuambiwa alipata gani. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Kiisha miezi 12, maumivu yalikuwa yamepunguka pande zote mbili, bila tofauti ya maana. Na kartilaji, ule mufupa laini unaofunika vichwa vya mifupa ndani ya goti, iliendelea kuisha pande zote mbili. Maji ya chumvi, ndugu zetu! Kwa mushipa wa kiwiko kuko waganga wanaosema plaketi zinasaidia, na mabishano yao hayajaisha. Kwa goti la mutu wa mugodi, hapana kuuza hata baiskeli juu yake.

Ya pili ndiyo inakula feza zaidi: «cellules souches», chembe-mama, zenye kuweza kuzaa chembe zingine. Wanazitoa katika uboho wa mifupa, ao katika mafuta ya tumbo, ao katika kitovu cha mutoto. Katika Marekani walijaribu aina hizo tatu kwa watu 475, wakizipima na kortizoni, dawa ya bei ndogo ambayo munganga wa hapa anaijua. Ilitangazwa mwaka 2023: kiisha mwaka mumoja, hakuna hata moja iliyopita kortizoni. Na kortizoni yenyewe si muchezo, ukitiwa kila mara inakula kartilaji. Serikali ya Marekani imeonya watu wake juu ya maduka yanayouza chembe-mama kwa magoti. Kama kule wanaonywa, yule mwenye kutuma matangazo kwa simu zetu anatuona sisi wajinga gani?

Sasa, mutu asiseme mwili hauwezi kujenga upya. Mufupa unaweza, na hapo njo tunaomba watu wafungue masikio. Munganga mumoja wa Kurgan, katika Siberia, jina lake Gavriil Ilizarov, tangu miaka ya 1950 alifunga miguu iliyovunjika na duara za chuma na nyaya zenye kupita ndani ya mufupa. Kiisha akaona kwamba ukivuta mufupa polepole, milimeta 1 kwa siku, mufupa mupya unaota katikati. Kule Ufaransa, Philippe Hernigou alivuta uboho wa nyonga za wagonjwa, akauchuja na kuutia pahali mufupa wa muguu ulipokataa kuungana. Kwa wagonjwa 60, 53 waliungana. Hesabu ile ilitolewa mwaka 2005. Hapo hakuna uchawi. Mwili unasaidiwa kufanya kazi inayoijua.

Lakini mufupa unataka masharti. Tumbako inauchelewesha. Kidonda chenye usaha kinauharibu. Na kwa yule mufungaji wa mifupa wa avenue yenu, aliyerithi kazi kwa babu yake, tunamuheshimu, lakini akikaza miti mpaka vidole vinakuwa baridi na vyeusi, kimbia hospitali usiku ule ule. Tumeona muguu mumoja kukatwa juu ya kungojea asubui.

Kwa goti lililochoka, kitu ambacho waganga wanashauri kwanza ni kazi ya kuimarisha nyama za paja, kupunguza kilo kama ziko mingi, na kuacha kupiga magoti siku nzima. Haina bei. Pengine njo maana hakuna mutu anaitangaza.

Na hapa tunafika kwa neno letu. Kupiga magoti siku nzima, nani alituamuru? Mwaka 2009 Uingereza iliandika goti lililoharibika katika orodha ya magonjwa ya kazi ya watu wa mugodi wa makaa. Mwaka ule ule Ujerumani ikafanya vile kwa mutu mwenye kutumika kwa magoti saa 13 000 katika maisha yake. Hesabuni wenyewe: saa tano kwa siku, siku 260 kwa mwaka, ni miaka kumi. Wangapi kati yetu walipita hapo zamani?

Kwetu, mukubwa wa kazi analipa CNSS 1,5 % ya mushahara juu ya hatari za kazi. Code du travail ya mwaka 2002 inamuomba atunze mutumishi na jamaa yake, pamoja na vyombo vya kusaidia viungo, mpaka kontra inaisha. Mpaka kontra inaisha: sikieni vizuri. Wale zaidi ya 10 000 waliotoka Gécamines kwa «départ volontaire» mwaka 2003 na 2004 walitoka na magoti yao. Na watoto wa sous-traitance, kontra miezi sita miezi sita, goti likivimba kontra hairudishwe tena, na hakuna aliyeandika kwamba lilivimba kazini.

Kwa hiyo, ukianguka kazini, hata kama unasimama na kucheka, omba iandikwe siku ile ile, na ubakie na kopi. Picha za radio musitupe. Katika mazungumzo ya convention collective yanayokuja tutaweka goti juu ya meza, na tutaulizwa ushuhuda. Mwenye karatasi za munganga, hata za zamani, hata zilizoliwa na panya upande mumoja, alete kwa delege wake.