Dhahabu inavyopenya ndani ya kauri

WANASAYANSI wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, walithibitisha mwaka 2017 kwamba dhahabu inaweza kutwaa nafasi ya silikoni ndani ya utando mwembamba wa kauri ya titani, silikoni na kaboni.

Utando huo hujengwa katika chombo kilichoondolewa hewa, atomu zikitua tabaka juu ya tabaka. Kisha hupakwa dhahabu na kupashwa moto. Dhahabu hupenya, silikoni ikatoka, huku matabaka ya titani na kaboni yakisalia imara.

Manufaa yake ni kwa mitambo ya umeme inayofanya kazi penye joto kali, ambako viunganishi vya kawaida huharibika. Vilivyotengenezwa kwa mbinu hii vilistahimili nyuzi 600 za Selsiasi kwa saa 1,000.