Mshale Ubavuni mwa Tairi: Yanayotokea Gurudumu Linapofungwa Kinyume

Ubavuni mwa baadhi ya matairi ya gari pamechorwa mshale, mara nyingi ukiambatana na neno ROTATION, na maana yake ni moja tu: gari linapokwenda mbele, tairi hilo linapaswa kuzunguka kuelekea upande unaoonyeshwa na mshale. Alama hiyo haimo katika kila tairi. Matairi mengi yana kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara pamoja na mifereji iliyo kati yake, zenye mpangilio usiobadilika hata tairi likigeuzwa, kwa hiyo hufungwa upande wowote bila madhara. Mengine yana mpangilio mmoja kwenye ukingo wa nje na mwingine kwenye ukingo wa ndani, nayo huandikwa OUTSIDE kwenye ubavu unaotakiwa kutazama nje. Yale yenye mshale ndiyo matairi ya mwelekeo mmoja, ambayo mifereji yake huanzia katikati na kwenda mshazari hadi kwenye mabega ya kushoto na kulia, ikifanya umbo la herufi V linalojirudia kuzunguka tairi zima. Magari yaliyotumika yanayoletwa Afrika Mashariki kutoka Japani na Uingereza hufika na matairi ya aina zote hizi, na mnunuzi anaweza kuwa na matairi ya mshale kwa miaka bila kujua kwamba anayo.

Umbo la V halikubuniwa kwa ajili ya urembo. Matairi ya Goodyear yaliyofungwa kwenye Chevrolet Corvette ya mwaka 1984, ambayo yalikuwa ya mwelekeo mmoja, yalitokana na matairi ya mvua ya mashindano ya Formula 1, na kazi iliyokusudiwa ilikuwa ile ile, yaani kuondoa maji chini ya mpira kabla hayajaunyanyua. Ukubwa wa kazi hiyo hauonekani kwa macho. Tairi lenye upana wa milimita 195, likipita kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa juu ya maji yenye kina cha milimita 3, hukutana na takriban lita 13 za maji kila sekunde, ilhali sehemu ya mpira inayogusa lami kwa wakati mmoja ni kama kiganja cha mtu mzima kwa ukubwa. Kila sehemu ya maji hayo lazima ipate njia ya kutoka katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na njia zilizopo ni mbili tu: kubaki ndani ya mifereji tairi linapopita, au kusukumwa pembeni.

Tairi la V likiwa limefungwa sawasawa, ncha ya V ndiyo hutangulia kukanyaga, kisha mikono yake miwili hufuata kidogo kidogo, hivyo kila sehemu ya mfereji inaposhuka barabarani huyasogeza maji hatua moja zaidi kuelekea nje, mpaka yanatokea begani. Likifungwa kinyume, mabega ndiyo hutangulia na ncha huja mwisho, kwa hiyo maji yaliyopaswa kufukuzwa hukusanywa kutoka pande zote mbili na kupelekwa katikati. Mifereji mirefu iliyonyooka, ambayo matairi mengi ya aina hii huwa nayo pia, itaendelea kubeba sehemu ya maji hayo, na ndiyo maana tairi lililogeuzwa bado ni bora mara nyingi kuliko tairi kipara. Lakini ile ziada ya uwezo iliyomfanya mwenye gari alipie nakshi ya V huwa imepotea, na huenda hali ikawa duni kuliko ya tairi la kawaida lenye kashata za kina kile kile.

Kinachopungua ni kile kiasi cha usalama kilicho kati ya mwendo wa gari na mwendo ambao tairi huanza kuelea. Kuelea ni hali ambayo maji yaliyobanwa mbele ya tairi huwa na shinikizo la kutosha kulibeba, hata mpira usiguse tena lami, na usukani pamoja na breki vikakosa mahali pa kushika. Mwaka 1963 watafiti wa NASA nchini Marekani, Walter Horne na Robert Dreher, waliokuwa wakichunguza ndege zinazoteleza kwenye njia za kurukia zenye maji, walichapisha kanuni inayohusisha mwendo wa kuelea na upepo uliomo ndani ya tairi. Kwa kanuni hiyo, tairi ambalo mifereji yake imeshindwa kabisa kuondoa maji huelea kwenye kilomita 94 hivi kwa saa likiwa na upepo wa pauni 32 kwa inchi ya mraba, na kwenye kilomita 83 hivi upepo ukishuka hadi pauni 25. Tairi la gari dogo si tairi la ndege, hivyo tarakimu hizo ni za makadirio. Hata hivyo zinaonyesha kwamba mwendo wa kawaida wa barabara kuu tayari uko karibu na mpaka, na kwamba mifereji inayofanya kazi ndiyo inayousogeza mpaka huo mbali. Katika barabara zinazopitiwa na malori mengi, ambako uzito wa magurudumu huchimba mabonde marefu kwenye lami na maji ya masika hutuama humo, kina cha maji chini ya tairi huwa kikubwa kuliko dereva anavyodhani.

Hatari huongezeka zaidi pale linapogeuzwa tairi moja tu. Gurudumu la kulia likiondoa maji vizuri na la kushoto likashindwa, gari huvutwa upande mmoja dereva anapokanyaga breki ndani ya dimbwi. Na kama lililogeuzwa ni la nyuma, mkia wa gari unaweza kuchomoka, jambo ambalo ni gumu kulidhibiti kuliko kuteleza kwa mbele.

Kwa upande mwingine, kosa hili limezungukwa na hofu zisizo na msingi. Tairi halipasuki kwa sababu limefungwa kinyume, wala halichomoki kwenye rimu, na kwenye lami kavu dereva wa kawaida huenda asihisi tofauti yoyote katika breki au kona. Kiunzi cha ndani cha tairi la kisasa, yaani nyuzi na mikanda ya chuma, huvumilia kuzunguka pande zote mbili. Lau isingekuwa hivyo, gari lisingeweza kurudi nyuma kwa usalama. Kinachoweza kujitokeza ni mvumo unaoongezeka na kingo za kashata kulika kama meno ya msumeno, hasa tairi lililokwisha kutumika upande mmoja linapogeuzwa ghafla. Utulivu huo wa kiangazi ndio unaolifanya kosa kuwa baya, kwa kuwa halijitangazi mpaka siku ya mvua.

Chanzo cha kosa kwa kawaida ni gereji. Fundi aliyezoea kubadilishana matairi kwa mkasi, la mbele kushoto likienda nyuma kulia, hufanya hivyo hata kwa tairi la mshale, ambalo halipaswi kuvuka upande bali kubadilishana na mwenzake wa nyuma au wa mbele tu. Spea nayo, kama ni ya aina hii, inafaa upande mmoja pekee. Ikilazimika kufungwa upande wa pili, gari liendeshwe taratibu, hasa kwenye maji, mpaka tairi lililotolewa lizibwe pancha. Namna ya kusoma mshale pia hupotosha watu, maana hutazamwa popote ulipo, ilhali mshale ulioko chini ya tairi huelekea nyuma hata kama kila kitu ni sawa. Usomwe ukiwa juu ya gurudumu, na hapo uelekee mbele ya gari.

Kwenye pikipiki sababu ya mshale huweza kuwa nyingine kabisa. Ukanda wa mpira wa kukanyagia umekuwa ukiunganishwa kwa mkato wa mshazari, na kwa kuwa tairi la nyuma huvutwa zaidi na injini na la mbele huvutwa zaidi na breki, kiungo hicho kinatakiwa kulala kwa mielekeo inayopingana. Ndiyo maana baadhi ya matairi ya bodaboda yana mishale miwili, mmoja wa kulifunga mbele na mwingine nyuma.

Marekebisho ya gari ni mepesi kuliko watu wanavyofikiri, na hakuna sababu ya mteja kukubali kuambiwa kwamba mshale si kitu. Ikiwa matairi ya pande zote mbili yamegeuzwa, inatosha kupiga jeki na kuhamisha magurudumu mazima, ya kushoto yaende kulia na ya kulia kushoto, bila kugusa rimu wala balansi. Ikiwa limegeuzwa moja tu, hilo litolewe kwenye rimu, ligeuzwe, lijazwe upepo na kupimwa balansi upya, na gharama ibebwe na gereji iliyolifunga.