Sonona: tiba ya umeme au dawa?

Mgonjwa wa sonona kali aliyekwisha kuacha kula na kunywa, au anayetaka kujiua, hawezi kusubiri wiki kadhaa apate nafuu. Hapo ndipo suala la tiba ya umeme, inayowatisha wengi, huzuka.

Tiba hiyo ilianza mjini Roma mwaka 1938, ilipojaribiwa na madaktari wa Kiitaliano, Ugo Cerletti na Lucio Bini. Zama hizo mgonjwa hakulazwa usingizi, na baadhi walivunjika mifupa. Siku hizi hupewa kwanza dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli. Kisha umeme hupitishwa kichwani kwa sekunde chache, ukazusha mtukutiko mfupi mfano wa kifafa. Kwa kawaida hurudiwa mara 6 hadi 12, mara mbili au tatu kwa wiki.

Dawa, kama vile fluoksetini, ndizo huanza kutumiwa kwa wagonjwa wengi. Ni rahisi kuzitumia nyumbani, ingawa huweza kuleta kichefuchefu au kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Lakini huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na si zote zinazomfaa kila mtu. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa takriban theluthi moja tu ya wagonjwa walipona kabisa kwa dawa ya kwanza.

Mwaka 2003, jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha mapitio ya tafiti 18 zilizohusisha wagonjwa 1,144. Yalibainisha kuwa, kwa muda mfupi, tiba ya umeme ina nguvu kuliko dawa.

Hata hivyo, nafuu hiyo haidumu yenyewe. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2001, uliwafuatilia kwa miezi sita wagonjwa waliopona kwa umeme. Miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 84 waliugua tena. Waliopewa nortriptilini pamoja na lithiamu, ni asilimia 39.

Aidha, umeme huathiri kumbukumbu. Kwa wengi hali hiyo hupungua, lakini wapo wanaolalamika kwamba sehemu ya kumbukumbu za maisha yao haikurudi tena.

Kwa hiyo tiba hizi mbili si mahasimu. Umeme humwokoa haraka aliye hatarini, au ambaye dawa zimeshindwa kumsaidia. Nazo dawa humlinda asirudi alikotoka.