Bega la Ganda la Risasi: Neno na Kipimo Chake

Waingereza walipouteka mji wa Mwanza mwezi wa Julai, 1916, askari wao walichukua bunduki ya inchi .303. Jeshi la Kijerumani katika Afrika Mashariki lilikuwa na Mauser ya 1871, yenye baruti nyeusi na moshi mwingi, pamoja na ile ya 1898. Maganda ya risasi za bunduki hizo zote yana umbo la chupa: tumbo, kisha bega, kisha shingo. Kuyataja si kazi ngumu kwa lugha iliyokwisha kuupa mtungi tumbo, shingo na mdomo. Lililoyumba ni jina la kitu kizima. Wakusanyaji wa maneno wa karne ya 19 waliandika *kiasi cha bunduki*, maana kiasi kilikuwa kipimo cha baruti. Siku hizi *risasi* ni madini, ni kipande kirukacho, tena ni kitu kizima pamoja na ganda lake.

Kazi ya bega si moja katika maganda yote. Ganda la .303 lina ukingo uliotokeza kitakoni, nao ndio unaolizuia lisizame mtutuni. Ganda la Mauser ya 1898 halina ukingo wa namna hiyo. Huzuiwa na bega. Hapo ndipo pembe ya bega inapokuwa jambo la usalama.

Fundi atengenezaye bunduki ya mteja mmoja hana budi kuchagua. Bega lililolala huteleza kwa wepesi kuingia chumbani, na mwindaji wa nyati katika nyika zinazoshuka toka Serengeti kuelekea Ghuba ya Speke hataki risasi ikwame. Ndiyo sifa ya .375 ya Holland & Holland, ya 1912, ambayo huzuiwa na mshipi juu ya kitako. Bega lililosimama huongeza nafasi ya baruti, na hushika imara zaidi; .416 ya Rigby, ya 1911, ina bega la nyuzi 45 na haihitaji mshipi. Wapendao maganda ya Ackley, Mmarekani, huchagua nyuzi 40.

Lakini nyuzi 40 za nini? Wamarekani hupima toka mhimili wa ganda hadi upande mmoja wa bega. Michoro ya tume ya kimataifa yenye makao Brussels huonyesha pembe kati ya pande mbili zinazokabiliana. Hivyo .308 ya Winchester, ya 1952, ina nyuzi 20 kwa hesabu ya kwanza na 40 kwa ya pili. Mfasiri akiandika *pembe ya bega, nyuzi 40*, msomaji hawezi kujua kama ni .308 au ni ganda la Ackley. Fundi akichonga chumba kwa kipimo kisicho chake, risasi haitaingia, au itaingia bila kushikwa vema na ganda lipasuke karibu na uso wa mpigaji.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuondoa shaka hiyo. Kipimo cha upande mmoja kiitwe *mwinamo wa bega*, maana kitu huinama kwa kulinganishwa na kingine, ambacho hapa ni mhimili. Kile cha pili kiitwe *pembe nzima ya bega*. Basi .416 ya Rigby ina mwinamo wa nyuzi 45 na pembe nzima ya nyuzi 90; .375 ina mwinamo wa nyuzi 15 hivi, na pembe nzima ya nyuzi 30 hivi.