Sufuria ya Abunuwasi Bado Inazaa

Mtu barazani akiambiwa kwamba maelezo yake ni hadithi za Abunuwasi, au mchambuzi akiandika gazetini habari za "nchi ya Kusadikika" na wasomaji wote wakajua ni nchi gani inayosemwa, fasihi kongwe imeingia kazini. Hakuna aliyefungua kitabu. Limetajwa jina moja tu, watu wamecheka, na hoja imefika. Wapo wanaouona mchezo huu kuwa dalili ya uchakavu, kwamba kazi kubwa zimegeuka vijineno vya mzaha vinywani mwa watu wasiozisoma. Mimi nauona kuwa dalili ya uhai. Kazi hizi zimetufikia kwa sababu kila kizazi kilizichezea kwa namna yake.

Abunuwasi mwenyewe ni shahidi mzuri. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, wa zama za Harun al-Rashid, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9 na kuacha sifa kubwa kwa mashairi yake ya mvinyo. Wasimulizi Waarabu walimtia katika visa vya ikulu, na alipofika pwani yetu alikuwa amekwisha kuwa mjanja anayewashinda matajiri na wafalme kwa akili. Watu walimbebesha hata visa ambavyo kwingine vina wenyewe. Kile cha sufuria, kwa mfano, Waturuki husimulia kuwa ni cha Nasreddin Hoja: mtu anaazima sufuria, anairudisha pamoja na kijisufuria na kudai kwamba imezaa, mwenyewe anapokea kwa furaha. Akiazima tena, hairudishi, na akiulizwa anajibu kwamba sufuria imekufa. Aliyekubali uzazi atakataaje kifo? Sijui kisa kinachoeleza vizuri zaidi namna watu wanavyonaswa na upatu wa kitapeli. Mwezi wa kwanza fedha zinazaa na hakuna anayeuliza zimezaaje. Maswali huanza siku ya msiba. Anayemkumbusha mwenzake sufuria ya Abunuwasi wakati huo anamwonya bila kumtukana, na hiyo ni kazi ambayo hotuba ndefu ya uchumi hushindwa kuifanya.

Huenda msomaji akasema kwamba hizi ni ngano za bibi na babu, na kwamba fasihi iliyotukuka ni jambo jingine. Mpaka huo haukuwa mgumu kiasi hicho. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mjini London hadithi alizozikusanya Unguja, na mojawapo ni kisa cha punda wa dobi. Papa anamchukua kima mgongoni ampeleke kwao, na katikati ya bahari anafichua kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamwambia kwamba moyo ameuacha mtini. Wakirudi pwani anaruka mtini, kisha anamsimulia papa habari za punda aliyeponea chupuchupu kwa simba, akabembelezwa, akarudi palepale kufa, ndiyo maana ikasemwa kwamba hakuwa na moyo wala masikio. Kisa hicho kimo katika Panchatantra ya Wahindi, ambamo adui ni mamba, na kimo katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, ambamo adui ni kobe. Msimulizi wa Unguja akaleta papa, kwa kuwa wasikilizaji wake walimjua papa. Alikuwa akifanya lilelile walilofanya wanazuoni waliomtangulia, na kazi yake haikuwa duni kuliko yao. Basi leo mtu anayerudi kwa tapeli yuleyule aliyemwibia jana akiitwa punda wa dobi, utani huo una ukoo mrefu wa vitabu nyuma yake.

Wengine huogopa kwamba kicheko huvunja heshima ya kazi. Hofu hiyo hainishtui, kwa sababu visa hivi vilitungwa vichekeshe, na anayevipokea kwa uso wa mazishi ndiye anayevipotosha. Pingamizi lenye uzito ni jingine: mwangwi unaweza kubaki na sauti ukapoteza maana. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, imepatwa na hilo. Vinywani mwa wengi, Kusadikika ni jina la mambo yasiyokuwepo tu. Kweli, nchi ile imewekwa angani, lakini mambo yake ni ya duniani kabisa. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Akijitetea, anaeleza yaliyowapata wajumbe sita, waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakatafute yatakayoifaa nchi. Walipata taabu njiani, wakarudi na habari zenye manufaa, wakatupwa gerezani. Mwandishi alilitunga hilo Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na fumbo hilo lilimwezesha kusema yasiyosemeka waziwazi.

Hasara hiyo naikubali, ila dawa yake si kuwanyamazisha watani. Jina lililo hai mitaani ni hazina kwa mwalimu, ambaye mara nyingi huanza somo la riwaya kwa tarehe ya kuzaliwa kwa mwandishi na orodha ya dhamira za kukariri. Aanze kwa kuuliza wanafunzi wamelisikia wapi jina la Kusadikika, nani alilitamka na alikuwa akimlenga nani. Majibu yatakuwa mengi na ya kuchekesha. Kisha awafungulie ukurasa ambapo mjumbe wa kwanza anarudi nyumbani, awaulize kwa nini serikali imfunge mtu iliyemtuma yenyewe.