Je, Wajua? Uzito wa Kondoo Pacha Huamuliwa Tumboni

Je, wajua kondoo hubeba mimba kwa takriban siku 150, lakini karibu asilimia 70 ya uzito wa mtoto huongezeka katika wiki 6 za mwisho? Mfugaji wa Chamazi au Toangoma, Dar es Salaam, anayesubiri kondoo azae ndipo amnunulie mashudu amechelewa. Pacha wameshapunjwa.

Je, wajua pacha hugawana hata mahali pa kupatia chakula? Mji wa mimba wa kondoo una vinundu, kwa kawaida 70 hadi 100, ambapo kondo la nyuma hujishikiza ili kupitisha hewa na lishe. Vinundu haviongezeki kwa sababu watoto ni wawili. Ndiyo maana kila pacha huzaliwa mwepesi kuliko mtoto wa pekee, ingawa ukiwapima pamoja humzidi. Tena wakikua hulibana tumbo la mama, naye hushindwa kula majani mengi kwa mkupuo. Mpe pumba na mashudu kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku.

Wakati wa kuzaliwa, dume kwa kawaida humzidi jike uzito. Uzao wa kwanza huwa mwepesi kuliko unaofuata.

Je, wajua joto la Dar es Salaam nalo hupunguza kilo? Joto kali la muda mrefu hupunguza damu iendayo kwenye mji wa mimba na kudumaza kondo la nyuma. Ukimpandisha jike Januari, atazaa Juni, na wiki zake za mwisho zitakuta majani ya masika. Mpango mzuri sana, ila kondo la nyuma litakuwa likikua Februari na Machi, jua likiwa kali. Banda la bati lililobanana na ukuta wa jirani halimfai. Kivuli, upepo na maji ya kutosha nayaweka mbele ya dawa yoyote ya dukani.

Masika hiyo hiyo huleta minyoo inayonyonya damu ya mama. Kondoo mwekundu wa Kimasai huistahimili kuliko wengi. Usikisie dawa: muulize afisa mifugo wa kata yako kuhusu kupima kinyesi.

Je, wajua pacha wa kilo 2 hupoteza joto haraka kuliko mtoto wa kilo 4? Mkaushe, kisha hakikisha ananyonya dang'a saa za mwanzo kabisa. Baada ya saa 24, utumbo wake haupokei tena kinga iliyomo.